Nilibadilisha Pilipili Manga ya Mdogo Wangu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na kama msaada huna basi nisome tu mpaka mwisho, maana jambo hili sijamwambia mtu na hii ni wiki ya sita nimelibeba, chakula hakipiti na usingizi siujui.

Mimi ni mshonaji, nina cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa, na nilikuwa na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mwalimu wa chekechea, mcheshi kiasi kwamba wauguzi wakimaliza zamu walipitia kwanza kitandani kwake wakacheke. Aliugua saratani ya damu. Dawa zikaua ugonjwa lakini zikaua na kinga yake, daktari akatuita mimi na shemeji yangu, mume wake, ambaye ni fundi saa, akatuambia, "Kijidudu ambacho ninyi kingewapa tumbo la siku mbili, yeye kinaweza kumuua." Akatupa orodha, chakula kiive sawasawa, mboga mbichi hapana, na viungo viwe vile vilivyopitishwa kwenye mionzi tu, kwa sababu pilipili manga huanikwa nje, ndege na panya wanapita juu yake, na uchafu wake huuoni kwa macho. Shemeji akaitia sahihi orodha, akanunua vikopo vya viungo hivyo, vina alama ya kijani kama mmea ndani ya duara.

Mimi nilipoona neno mionzi nikaogopa. Mshauri, mtu anaumwa saratani halafu unamlisha mionzi? Na kwenye simu nilikuwa nimetumiwa sauti ya mtu anayejiita mtaalamu, anasema chakula hicho kinabeba mionzi mpaka tumboni na kuotesha uvimbe, na wanaokiuza wenyewe hawakigusi. Nikamweleza shemeji, akanijibu, "Shemeji, mimi najua kufungua saa. Hayo namwachia daktari." Nikamwona bwege. Nikamweleza mama, mama akalia.

Mdogo wangu kwa wakati ule chakula kilikuwa kimemshinda, kila kitu anasema kina ladha ya msumari. Alasiri moja akanishika mkono akaniambia, "Dada, hii pilipili imekufa. Niletee ya nyumbani, ile ya kumpigisha mtu chafya." Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikamwaga ya kwenye kikopo, nikatia ya sokoni niliyoitwanga kwa mkono wangu, nikarudisha kifuniko. Akanyunyiza juu ya yai la kuchemsha, akapiga chafya tatu mfululizo, akacheka mpaka machozi, "Sasa hii ndiyo pilipili!" Siku nne alimaliza sahani, nami nikawa napita kwenye korido ya wodi kifua mbele, utadhani mimi ndiye daktari.

Siku ya tano homa. Siku ya saba hakunitambua. Siku ya tisa tukaitwa mama, shemeji na mimi kwenye chumba kidogo chenye viti vya plastiki, daktari akasema amefariki, damu ilikuwa imeingiwa na bakteria wanaoitwa salmonela, akauliza taratibu, "Kuna chochote alikula kilichotoka nje?" Shemeji akasema, "Hapana, daktari, orodha tumeifuata neno kwa neno." Daktari akanigeukia. Mshauri, na mimi nikasema hapana.

Tangu mazishi mama anamwambia kila anayekuja kutoa pole kwamba huyu fundi saa ndiye aliyetia sahihi mwanawe akalishwa mionzi, na hayo ya mionzi ameyatoa kwangu, hana kwingine. Wajukuu wake wawili, watoto wa marehemu, amewachukua, baba yao akija anafungiwa mlango. Wiki iliyopita shemeji alikuja barazani kwangu, shati linamning'inia, akasimama mbele ya cherehani akaniuliza, "Shemeji, wewe una akili zako, usinifiche. Ni mimi niliyemuua?" Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu, huku naendelea kukanyaga pedali. Alipoondoka ndipo nilipoona nimeshona gauni zima bila uzi.

Tena si hayo tu. Mama amekwenda mpaka wodini kuwaonya watu. Mke wa dereva mmoja, ambaye mumewe alikuwa kitanda cha jirani kwa orodha ileile na bado yupo wodini, nilimkuta sokoni, akaniambia vikopo vyote kavitupa, akanishika mabega akanishukuru, "Mwambie mama yenu ametuokoa." Mkononi ana pilipili manga kwenye karatasi. Nikaitikia, nikaenda zangu.

Nikisema, nimempoteza mama na wale watoto hawataniita tena mama mkubwa. Nikinyamaza, siwezi. Kuna asubuhi naamka naona bora nimfuate mdogo wangu tu, yaishe. Nifanye nini?

Dada mtu.

MSHAURI ANAJIBU

Dada, pole. Pole sana. Umezika mdogo wako huku umebeba hili peke yako, na sitakudanganya kwamba barua yako nimeisoma macho makavu. Lakini nitakugombeza pia.

Kwanza hiyo mionzi. Chakula kinapitishwa humo na kutoka, mionzi haibaki ndani, kama wewe usivyotoka unawaka baada ya kupigwa picha ya kifua. Kinachokufa ni vijidudu. Ungeniuliza mapema ningekutajia na kasoro zake, kwa sababu zipo. Baadhi ya vitamini hupungua, na harufu inaweza kufifia, kama mdogo wako alivyoonja. Chakula kilichooza hakigeuki kizima, na sumu ya ukungu ikishaingia haitoki. Ukichota kwenye kopo kwa kijiko kichafu, vijidudu vinarudi. Na mitambo yenyewe inataka usimamizi mkali ili wanaoiendesha wasidhurike. Kwa hiyo kuogopa kulikuwa haki yako, na kuuliza pia. Daktari alikuwa mbele yako, anapumua, ana kiti cha kukukalisha. Wewe ukamwamini mtu wa kwenye simu usiyeijua hata sura yake.

Je, ulimuua? Sijui, na wewe hujui. Mwili usio na kinga unaingiliwa kwa njia nyingi, huenda ni pilipili, huenda lilikuwa lile yai, huenda ni kitu kingine kabisa. Siwezi kukuondolea hiyo huenda, na atakayekuahidi kukuondolea ni mwongo. Utaishi nayo. Ila ile "hapana" uliyomjibu daktari haina huenda. Ile ni yako, na kila siku inamla mtu mwingine.

Nenda kwa shemeji yako. Nyumbani kwake, uso kwa uso, usimpigie simu. Mwambie ulichofanya kwa maneno yaleyale uliyoniandikia, na usilie kabla hujamaliza, kwa sababu ukilia atakubembeleza, na mwanamume huyo kwa sasa hana nguvu za kumbembeleza mtu. Akikutukana, kaa. Halafu nenda kwa mama, naye shemeji asikie ukisema. Mama atakufukuza. Ondoka, kisha urudi, hata kama itakuwa mwaka. Lakini watoto walale kwa baba yao, hilo usiondoke bila kulidai.

Hilo la kumfuata mdogo wako umelitupia mwishoni kama jambo dogo. Si dogo. Mweleze daktari yuleyule, akupe mtu wa kuzungumza naye, na wiki hizi usikae peke yako. Hamia kwa rafiki, shona hukohuko. Nakutaka uwe hai, dada. Maumivu haya hayatakwisha, lakini yatakuacha ule na ulale, nimeyaona kwa watu waliofanya mabaya kuliko wewe.

Ila kabla ya hao wote, yupo mke wa dereva. Hakuna aibu yako wala machozi ya mama yenu yenye uzito wa mgonjwa aliye hai. Nenda wodini, mwite muuguzi wa zamu asimame nanyi, useme kila kitu, na ile pilipili itupwe mbele yako. Hukutaja hospitali, la sivyo ningekwisha kuwapigia mwenyewe bila kukungoja. Gazeti hili linatoka asubuhi. Saa za kuona wagonjwa ni alasiri. Muda unakutosha kuoga na kufika.