Mustari wa Furaha

Mujukuu wangu Neema,

Huku Bunia siye wote tuko wazima. Mama yako amerudia kuuza maharagi sokoni, na barabara ya Aru imefunguliwa, ingawa watu wanapita wakiangalia kando.

Umeniuliza kama unakosea kuwatumia wenzako majibu ya devoir, ile kazi ya masomo ya kufanyia nyumbani, ku telefone. Siye hatukukuwa na telefone. Rafiki yangu Furaha alisomea Aru, mimi hapa, na tulitumiana kaye moja, daftari letu la hesabu, kwa mukono wa baba yake, shoferi wa kamio, lori la mizigo. Hesabu ikinishinda, alinifanyia hatua zote, kisha akaacha mustari wa mwisho wazi. Hiyo ilinikasirisha sana. Siku moja nikamwandikia: "Mbona unaninyima jibu?"

Kaye ikarudi na neno lake: "Sikunyimi. Nakungojea hapo."

Tangu siku ile na mimi nikawa namufanyia vile. Mara ya mwisho yeye ndiye aliyeomba. Nilimufanyia hatua zote, nikaacha mustari wake. Kisha barabara ikafungwa, kwao wakahama, hatukujua wapi, na kaye haikuondoka hapa kwangu.

Wenzako utawajibu vile moyo wako unakuambia, mama. Mimi, kamio ya Aru ikisimama hapa mbele, bado natoka kuangalia. Kaye iko ku meza ninapokuandikia. Jibu ninalijua tangu zamani, lakini siliandiki. Ule mustari ni wake.

Koko wako anayekukumbuka.