Kibanja na Zuio

Buganguzi, Muleba
2 Juni 2025

Mwanangu Avit,

Nakusalimu pamoja na mkeo Klaudia. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Uniwie radhi kuandika badala ya kupiga simu, masikio yamechoka.

Akaunti yangu ya muda maalumu inaiva Alhamisi. Jumamosi nitamlipa Kyaruzi, anirudishie kipande cha kibanja chenye migomba na kaburi la mama yako, nilichomuuzia tulipodaiwa gharama za matibabu yake. Siku hiyo ikipita, atamuuzia mfanyabiashara mmoja wa samaki. Najua wataka nihamie kwako. Nisamehe.

Baba yako

Buganguzi
6 Juni 2025

Mwanangu Avit,

Naomba barua hii ikukute mzima.

Jana binti wa benki alinipa karatasi yenye neno "zuio". Nilimshukuru, nikaondoka bila kuchukua hata senti. Nimelelewa na mapadri. Sigusi mali iliyowekewa zuio. Pasaka ulisema mbele ya ukoo: "Tata, nitakwenda baraza la ardhi niweke zuio. Hutanunua migomba kwa fedha za uzee wako." Umetimiza.

Samahani kwa neno hili: hukumpenda mama yako. Usinipigie simu.

Baba yako

Kitendaguro, Bukoba
10 Juni 2025

Shikamoo Tata,

Sisi hatujambo. Dereva wa basi alileta barua yako jana, Jumamosi ikiwa imeshapita.

Sikuweka zuio lolote. Ya Pasaka yalikuwa hasira. Hiyo ni kodi ya zuio: kila mwenye akaunti kama yako hukatwa sehemu ya kumi ya riba. Kwa riba yako ya laki nne zilikatwa elfu arobaini tu, Tata. Zilizobaki zote zilikuwa zako siku ileile, na hizo arobaini ningekutumia kwa simu kabla hujatoka benki.

Hospitalini nililala sakafuni, kando ya kitanda cha mama, mpaka alipofariki. Ulikuwa ukiniona.

Mwanao

Buganguzi
20 Julai 2025

Mwanangu Avit,

Natumaini nyote hamjambo. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako. Labda dereva amezipoteza zile mbili.

Niliona aibu kumuuliza yule binti maana ya neno moja. Kosa ni langu, na nililokuandikia juu ya mama yako halikuwa kweli. Fedha nilizichukua, lakini Kyaruzi alikwisha kuuza. Migomba imefyekwa, pamewekwa ukuta na geti. Kaburi wameliacha.

Jana nilibisha hodi nikalipalilie. Mlinzi aliuliza kwa upole kama sina mtoto wa kunisaidia. Nikamjibu kuwa ninaye, yuko Kitendaguro.

Uniwie radhi kama nilimdanganya.

Baba yako