Injini ya Mzee Malimi Imefika Nansio

Baba yetu Nathaniel Malimi, mwaka umetimia tangu utuage, na leo tuna habari ya kukupa, hata hatujui tuanzie wapi!

Wanaokukumbuka pale Mwaloni, kwenye karakana yako ya injini za boti, wanajua: mtu alikuja kwako kutafuta plagi, akaondoka na historia nzima ya injini yako ya Kiingereza. Uliwasimulia wale wahandisi wawili wa kiwanda cha pikipiki walioanza kuunda injini za boti miaka ya 1930, wakakataa madoido, wakatoa kitu cha kuvutwa kwa kamba, chenye kelele, kinachokunywa oili bila aibu. Mama yetu Justa alikucheka kwamba unawataja kama shemeji zako. Ulicheka naye, ukaendelea. Mvuvi aliyekwama ulimhudumia kwanza, mengine baadaye.

Ulipoondoka, binti yako Odeta, uliyemrithisha ufundi, aliiwasha injini hiyo. Ikazunguka kidogo, ikapata moto, ikakwama. Mdogo wako Shimba akasema imekufa na mwenyewe, iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Odeta akamsihi angoje misa ya mwaka kule kwenu kisiwani Nansio: ikimvusha ziwa hadi huko, ibaki, ikishindwa, iuzwe. Baba mdogo akakubali upesi, maana aliona hapo hakuna injini tena.

Miezi ikapita, kamba inamchubua viganja, injini inakwama vilevile. Odeta akaanza kukata tamaa. Siku moja mama, katika kumchangamsha, akakuigiza unavyosimulia. Alipofika penye oili, Odeta akaruka. Kumbe muda wote alikuwa anaichanganyia kama injini hizi mpya, oili kiduchu, wakati Waingereza wako waliiunda inywe sehemu moja ya oili kwa kumi za petroli!

Basi Jumamosi iliyopita ndugu tulitangulia na meli. Odeta akaja na mtumbwi, na ziwa siku hiyo lilikuwa limechafuka. Shimba alisimama ufukweni akirudia kwamba mtoto haji, akatafutwe. Halafu ukasikika ule mlio wako, baba. Wee! Tuliingia majini na nguo zetu za misa.

Odeta alipozima, baba mdogo alimkumbatia yeye na injini pamoja, machozi yanamtoka.

“Hii haiuzwi, mwanangu,” alisema. “Haiuzwi.”

Unakumbukwa na mkeo Justa, binti yako Odeta, mdogo wako Shimba, wajukuu na mafundi wenzako wa Mwaloni. Hatutakusahau kamwe, baba, na injini yako iko kazini.