Yaya, Kaye Yako Nimeisoma

Yaya Floribert, kaka yangu mukubwa wa kazi,

Kilio ya kufa kwako iliisha. Bantu ba Kamalondo balirudia kwabo, na muke wako akanipatia ordinateri yako, kompyuta ya kazi, na kaye yako ya bleu, daftari yenye ulikuwa unaandikamo. Akasema mi njo mutu wako wa kazi, nibikamate. Nililia mubaya. Ningejua kaye ile ilikuwa na nini, pengine singelia vile.

Miaka ine ulinifundisha kutengeneza site za internet. Kila ukurasa na mukono, mustari kwa mustari. Siku nilikuuliza juu ya fremuwaki, kile chombo banafunzi ba université ya Kasapa banatumia ili kurasa zijitengeneze zenyewe, ulicheka mupaka ukakohoa. "Hiyo ni ya bavivu. Weye andika." Nikaandika. Hata nikachekelea bengine mbele ya bantu, Yaya, juu yako.

Sasa papa moja wa Kivu, mwenye malori inabeba bidhaa mupaka Kasomeno, akaniomba site ya bintu byake byote, kila kimoja na ukurasa wake. Kwa mukono singeweza. Nikajaribu fremuwaki, mara ya kwanza mu maisha yangu. Amri moja tu, kurasa zote zikatoka. Kisha nikafanya vile ulinizoeza: nikafungua kila ukurasa wenye umekwisha, nikaurekebisha na mukono. Siku mbili. Papa alipokuja kuangalia, nikatoa amri tena mbele yake, ili kuongeza ukurasa moja. Fremuwaki ikatengeneza kurasa upya, kazi yangu yote ikafutika.

Papa akaniuliza: "Mama, kumbe ungali unajifunza?"

Haya ilinipata. Nikafungua kaye yako nitafute musaada. Ukurasa wa kwanza kabisa, maandiko yako: "Usiandike mu kurasa zenye zimekwisha. Fremuwaki inafuta byote. Ilinifutia byangu." Na tarehe ni ya mwaka mmoja kabla ya mi kufika kwako.

Ulijua. Ulikuwa unaitumia, na mimi ukaniacha na mukono. Uliogopa nitakuacha? Singekuacha. Hata leo sijakuacha, njo maana hasira haiishe.

Nilirudilia marekebisho kule fremuwaki inatolea kurasa, si mu kurasa zenyewe, na site ya papa imesimama. Ni mistari yako mitatu hiyo iliiokoa, na inanichoma kusema aksanti.

Naapa kitu kimoja. Kaye yako itakaa juu ya meza, wazi, ukurasa wa kwanza. Yeyote atakuja kujifunza kwangu ataanza hapo.

Lala, Yaya. Jumapili nitakuja kukata majani pa kaburi yako. Usingoje niongee.

Nathalie