Spika za Kushoto

Baba yangu mpendwa,

Juzi Jumamosi nilipeleka gari lako kwa fundi wa redio pale Ipagala, na tangu nilipotoka huko sijapata utulivu. Nimeona nikuandikie, na nimeona niiandike barua hii hadharani, kwa kuwa kosa nililokutendea nililitenda mbele ya watu.

Kwa miaka miwili uliniendesha kila asubuhi kutoka nyumbani Mkonze hadi chuoni, kisha ukaenda zako masjala, ulikotunza mafaili ya serikali kwa mwandiko ambao hata wakubwa wako waliuonea wivu. Ulipowasha gari, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye ile redio iliyokuja na gari kutoka Japani, ikasema maneno ya Kijapani tusiyoyaelewa. Nawe ukaitika kwa heshima zote: "Marahaba, mama. Hujambo?" Siku ya kwanza nilicheka hadi machozi. Baadaye nikazoea, nikawa nafungua daftari tu.

Asubuhi niliyokukemea naikumbuka vizuri. Nilikuwa na mtihani, muziki wa kufungulia taarifa ya habari ulikuwa ukivuma, na besi ikautetemesha mlango na kiti changu hadi mstari niliokuwa naupiga ukapinda. "Baba, hivi mtu anasomaje kwenye makelele haya?" Ulinyoosha mkono ukazima redio, ukaendesha hadi chuoni bila habari zako.

Siku chache baadaye redio ilirudi, lakini upande wangu ulikuwa kimya. Sauti ilitoka upande wako peke yake, nyembamba na kavu, kama mtangazaji amefungiwa ndani ya debe.

"Spika za kushoto zimekufa, mwanangu," ulisema. "Hizi waya za Wajapani hizi."

"Si uzipeleke kwa fundi?"

"Nitazipeleka. Wewe soma."

Hukuzipeleka. Nami niliyekuwa nikisomea uhandisi wa mawasiliano, niliyeweza kuchora safari ya sauti kutoka mnarani hadi sikioni, sikuwahi kubonyeza kitufe hata kimoja ili kuhakikisha. Maandishi yote ya redio ile yalikuwa ya Kijapani, na nilijiambia kwamba kifaa cha namna hiyo hakistahili muda wangu.

Kisha ikaja siku ya mahafali. Wenzangu watatu walijibana kiti cha nyuma na majoho yao, na mmoja akauliza mbona upande wake hakusikiki kitu. Nikageuka nikawaambia, "Vumilieni, gari la mzee limepooza upande wa kushoto." Walicheka wakapigana mabega. Wewe pia ulicheka, Baba, kidogo, ukanitupia jicho mara moja, kisha ukarudisha macho barabarani.

Mwaka haukuisha kabla kiharusi hakijakushika. Upande wa kushoto.

Daktari alinieleza kwa utaratibu mzuri, nami nilitikisa kichwa kama msomi, lakini nilichokuwa nikisikia ni kicheko cha kiti cha nyuma. Najua kwamba neno haliwezi kuziba mshipa wa damu. Elimu yangu yote inaniambia hivyo. Hata hivyo, wiki tatu zile ulizolala bila kuweza kutamka jambo, kabla hujatutoka, kila nilipouinua mkono wako ule mzito ili niukande, nilijiona kama mtu aliyetia saini waraka bila kuusoma. Sikumweleza yeyote hadi leo.

Nimepata kazi, Baba. Mkuu wangu wa idara aliniomba nimpitie Jumatatu tuongozane kwenye kikao, na sikutaka mtu kama yule akae upande uliokufa. Ndiyo maana nikaenda Ipagala. Fundi alichomoa waya wa betri, akafungua mlango wa kushoto, akapekua, akarudisha kila kitu na kuwasha. Yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake kutoka kushoto, karibu kabisa, mahali pangu. Niligeuka kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Dada, nani kakwambia hizi zimekufa?"

"Baba yangu."

"Basi mzee alikuwa mjanja! Alizifunga kwenye mipangilio. Betri ilipochomoka redio imesahau yote, imerudi ilivyotoka kiwandani. Sikiliza mwenyewe. Hizi za kushoto bado mpya, za kulia ndizo zimechoka."

Nilifungua ile droo iliyo mbele ya kiti cha abiria. Chini ya karatasi za bima nilikuta karatasi yako, imekunjwa mara nne. Ulikuwa umenakili maandishi ya Kijapani, alama kwa alama, kwa wino wa masjala, na pembeni ukaandika maelezo: "Hii ni besi. Shusha yote, inatikisa kiti chake." Chini yake: "Hii ni sauti za watu. Pandisha, nisikie habari kwa sauti ndogo." Na ya mwisho: "Hii ni kushoto na kulia. Peleka kulia mpaka mwisho. Anasoma."

Muda wote ule karatasi hiyo ilikuwa mbele ya magoti yangu. Kwa nini hukuniambia, hata siku ile ya majoho?

Jana nilipokuwa napita Kikuyu, mtangazaji alikohoa, kushoto kwangu. Nikasema "Pole, Baba" kwa sauti kubwa, kisha nikaogopa kukitazama kiti.

Leo asubuhi, kabla ya kumpitia mkuu wangu, nilikaa na karatasi yako nikafuata mstari kwa mstari. Besi chini. Sauti za watu juu. Kulia, kulia, kulia, hadi kushoto pakatulia. Alipopanda na kufunga mkanda, alisikiliza kidogo.

"Mbona huku kimya? Spika zimekufa?"

Jibu la kumchekesha lilikuwa tayari mdomoni, Baba, lile lile.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni nzima kabisa. Baba yangu alizinyamazisha ili mimi nisome, nami nikamcheka mbele ya watu."

Alifungua faili lake, akasoma hadi tulipofika.

Sijui kama hilo linafuta lile la kwanza. Kesho nikiwasha gari nitaitika "Marahaba" kwa niaba yako, na kushoto nitapaacha kimya kama ulivyopaacha. Ukipenda kukaa, kaa. Pumzika, mimi naendesha.

Ni mimi binti yako,
uliyeniacha nisome.