Mkono Wangu na Fagio la Somoe

Nachingwea,
Jumapili jioni

Baba,

Kamwene, na shikamoo. Naamini kifua kimeachia, na baridi ya Makambako haijakufungia ndani. Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea. Watu wake ndio bado.

Uliniuliza kwa nini sirudi Krismasi. Kwenye simu tungegombana, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilikuambia habari za wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa wanaounda roboti, kigari cha kuokota vitu, wakashindane na shule nyingine Dar. Mota yake niliisuka mimi, nikizungusha waya kwa mkono. Mwaka jana siku ya safari gari likajaa, nikaachwa stendi na begi langu la spana. Huko mota ikaungua. Waliporudi, Mwalimu Lukanga anayewasimamia akasema mbele ya wazazi, "Tuliangushwa na mota." Hakusema kwamba fundi walimwacha.

Sasa msimu mpya umefunguliwa. Safari hii mipira inapangwa kwenye rafu. Ukiuchukua mpira rafuni unapata pointi tatu, ukiuokota chini unapata moja. Nikatengeneza mkono wa chuma, mota yangu nikaifunga begani. Niliutaka mkono huo ushinde, Baba, sikufichi. Kesho tunatuma picha ya roboti, na ikishatumwa hakuna kubadilisha.

Jana Mwalimu na wanafunzi wakaja kwenye banda langu. Somoe, binti wa kidato cha tatu kutoka Nandagala, akatoa kwenye kiroba bomba lililofungwa vipande vya tyubu ya baiskeli, linazunguka na kukokota mipira chini.

"Hilo fagio la mama lishe," mwenzake Issa akamcheka.

"Kwani nyie huko Marambo korosho mnachuma juu ya mti?" Somoe akamuuliza. "Si zinaanguka, mnaokota? Na mipira itaanguka. Roboti nne zinagombania rafu moja."

"Pointi mojamoja utaokota mpaka lini?"

"We hesabu tu."

Mwalimu akanigeukia. "Fundi, mkono wako unatosha. Tusipoteze muda."

Ningenyamaza pale, nilikuwa nimeshinda. Lakini unanijua, hesabu ikiwa mbele yangu siwezi kuipita. Nikasema tupime, dakika mbili kwa kila kimoja.

Mkono ulichukua mipira mitano. Pointi kumi na tano. Mingine tisa uliiangusha wenyewe. Fagio lilikuwa linazungushwa na kimota cha gari la kuchezea, likaokota kumi na tisa, kisha kimota kikazima kabla muda haujaisha.

Kila mtu pale alijua mota yenye nguvu ni moja tu, iko begani kwa mkono wangu, na ni mali yangu.

"Fundi, kama hutaki..." Mwalimu akaanza.

"Sijasema sitaki. Ila ikiungua tena Dar, mtasema nini kwa wazazi?"

Mwalimu akajikuna shingo. Issa akatazama bati. Aliyejibu ni Somoe.

"Mwaka jana iliungua tukabaki tunaitazama. Hata kuifungua hatujui. Nifundishe kuisuka, mama. Ikiungua tena nitaisuka mimi, na lawama nitabeba mimi."

Nilikaa na bisibisi mkononi, Baba, nikakukumbuka na mashine yako ya kusaga. Ulipoifungua kuitengeneza, Kaka Obedi ulimwita akae karibu. Mimi nilijifunza kwa kuchungulia, na nikisogea ulinituma maji. Sijawahi kukuuliza kwa nini.

Nikaufungua mkono. Nilipoinua kichwa na mota yangu, yule binti alikuwa bado amesimama mlangoni kama anayesubiri kutumwa. Nikamsogezea stuli yangu. "Njoo ukae hapa," nikamwambia, "uone vizuri."

Kwa hiyo Krismasi nina mwanafunzi. Nafasi yangu kwenye gari, Mwalimu anasema tutaona. Haya, na tuone. Fundi watakuwa naye garini, niende mimi au nisiende.

Msalimie Mama, na shangazi Atu anayekupikia uji. Kaka Obedi mwambie ule waya mwembamba wa shaba uliokaa bure stoo aukabidhi kwenye basi uje huku. Waya mnene asitume, hauingii kwenye mota. Na wewe vaa lile koti nililokuletea, lisining'inie tu msumarini.

Binti yako,
Fundi Tumaini