Matanga ya Rodney

Goma, kartie Katoyi, tarehe 27 Januari 2003

Kwako dada yangu mupendwa Nshobole,

Jambo sana. Nakusalimia wewe, shemeji Birindwa na watoto wote, zaidi yule mudogo ambaye naambiwa ameanza kutembea na kuvunja vikombe. Miguu yako inaendeleaje, bado inavimba? Sisi huku tuko wazima. Kifua cha bibi yangu Joviale kimetulia tangu mvua ishushe vumbi la lava. Mulima unatoa moshi kama kawaida, waasi wako barabarani na bunduki zao kama kawaida, na sisi tunapita katikati.

Bon. Barua yako niliipokea jana bandarini mikononi mwa mama Donatille, muuza samaki ndogo za sambaza, aliyevuka nayo kwa boti kutoka Bukavu pamoja na kitenge cheusi na pole zako. Ni barua yako ya kwanza kwa mwaka muzima, na unaniuliza nani huyu Rodney, kaka yetu mukubwa, ambaye watu wa boti wamekuambia kwamba radio ya hapa imetangaza amefia Uingereza. Kwa nini Papa hakututajia hata siku moja. Na mama yake ni nani. Dada, nilicheka mupaka nikashika ukuta! Papa hakuzaa Ulaya. Papa hakufika hata Kampala. Pangusa machozi, ukae, nikueleze toka mwanzo.

Unakumbuka yule Muzungu wa gitaa ambaye Papa alimwita Mukubwa? Ndiye Rodney. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kaseti kwa herufi ndogo, hakuna aliyelisoma. Papa alimwita Mukubwa kwa sababu Muzungu huyo alimutangulia kuzaliwa kwa siku sita tu. Majirani walipiga rumba, sisi tulikulia na magitaa ya rock ya zamani, na kila kaseti ilikuwa na listi yake aliyoipanga Papa mwenyewe: ya kuamukia, ya kunyolea ndevu, ya mutu aliyegombana na bibi yake. Ole wako ukianza na wimbo wa pili kabla ya wa kwanza. Angekwambia kwamba umeingia nyumba kwa dirisha.

Sasa yale mengine unayajua, na yanaumiza. Lava ilipotufukuza mwaka jana, Papa alikufa siku ya tatu huko Gisenyi, tukiwa tumelala chini kwenye uwanja. Nilimuzika na watu wawili ambao hata majina yao sikuuliza. Hakuna misa, hakuna matanga, hakuna mutu aliyekaa chini kumulilia. Habari ilikufikia kisha siku nane, ukaniandikia kwamba nimemuzika Papa yetu kama mutu asiye na watu. Halafu ukanyamaza. Dada, ulisema kweli, ndiyo maana iliniuma hivyo.

Tuliporudi, parseli yetu, nyumba na kiwanja, ilikuwa jiwe tupu la lava. Nilizunguka kwa wazee wa ukoo nikiomba tukae matanga hata kwa siku moja. Wao wenyewe walikuwa wanalala chini ya plastiki. Miezi ilipopita na wakapata nyumba, nikarudi kwao, wakaniambia kwamba matanga haipashwi moto kama bugali ya jana. Papa akabaki hivyo. Na mimi kila nikisikia kilio kwa jirani, nilikuwa naona haya kuingia.

Mwanzo wa mwezi huu nikarudi nyumbani na habari ya radio ya Ulaya kwamba Rodney amefariki. Nikamwambia Joviale kwamba lazima tumupe heshima, maana Papa angefanya hivyo. Nikaenda kwenye radio moja ndogo ya hapa kuomba saa moja tu ya kupiga nyimbo zake. Direkta, muzee Havugimana, akajibu kwamba Goma hakuna mutu mwenye hamu ya kusikia Wazungu wakipiga kelele, tuna kelele za kutosha. Basi nikapita dirishani kwa binti wa komunike, anayepokea matangazo ya watu, nikajaza karatasi. Kwa siku tatu, kabla ya habari za jioni, muji wote ukasikia kwamba familia Baharanyi ya Katoyi na ya Bukavu inasikitika kutangaza kifo cha mukubwa wao Rodney, aliyefia Uingereza, na kwamba matanga iko nyumbani Jumamosi.

Ee Mungu wangu! Unajua watu wa Goma wakisikia komunike ya kifo. Nilikuwa nimepanga viti sita. Saa mbili ya asubuhi mama Kanyere, jirani yetu, alikuwa ameshawasha makala na sufuria ya maharagi iko juu. Wakaja wamama wa korali. Wakaja vijana na chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimejaa mabenchi ya parokia. Wakaja wazee wa ukoo wote, walewale, na kofia mikononi. Muzee Harelimana, aliyefanya kazi na Papa zamani, alitoka Kibumba na gunia la viazi, akalia kwa sauti, ati huyu Rodney alikuwa mutoto mwenye heshima sana, yeye mwenyewe alimubeba mugongoni!

Nilitaka kusema kweli, lakini nikapiga kaseti. Kaseti za Papa zililiwa na lava, lakini listi zake nilikuwa nimezitengeneza upya kwa kuombaomba wimbo mumoja hapa, mwingine pale, kwa mwaka muzima, na ile ya kwanza niliipanga vilevile. Mwanzoni watu walitazamana. Wimbo wa tatu, mama Kanyere akasimama. Wa tano, wamama wa Rutshuru wakainua mikono kama pembe za ng'ombe, wakacheza gitaa la Muingereza kwa namna ya kwao, na lilikubali. Direkta naye alikuwepo, amekuja kutoa pole, kichwa kinaenda mbele na nyuma.

Halafu ikafika ile saa ambapo mutoto wa nyumba anasimama kueleza maisha ya marehemu. Nikasimama. Nikaeleza namna alivyovuka ziwa na sanduku moja, alivyosomesha watoto wa wengine, alivyokataa kula kabla bibi yake hajakaa mezani, alivyofia chini, Gisenyi, akiniuliza kama kaseti zimepona. Watu walilia, dada. Walilia kilio cha kweli. Muzee Harelimana akasimama polepole, akasema kwamba mutu huyu anamujua, na hakufia Uingereza. Nikapiga magoti mbele ya wazee, nikakiri kwamba ni Papa niliyemueleza, kwa sababu yeye hakuliliwa.

Niliogopa kwamba watabeba mabenchi yao. Lakini muzee Harelimana akasema kwamba machozi yameshajua mwenyewe wake, hayawezi kurudishwa. Wazee wakatazamana, mukubwa wao akakaa chini, akavua viatu kama mufiwa, na wengine wakavua. Korali ikaimba jina la Papa yetu, Zacharie Baharanyi, mupaka asubuhi ya Jumapili, na padiri akalisoma kwenye misa. Papa ameliliwa, Nshobole! Ameliliwa na watu wengi kuliko chifu! Na direkta amenipa saa yangu, kila Jumamosi. Juzi nimepiga listi ya kunyolea ndevu.

Sasa kuna neno moja ambalo hata Joviale halijui. Watu wanafikiri kwamba huzuni ilinichanganya, nikajaza karatasi ya vifo bila kufikiri. Aa wapi. Nilifikiri wiki nzima. Nilijua kwamba kwa kifo cha zamani hawatakuja, na kwa kifo kipya hakuna anayebaki kwake. Nilihitaji marehemu ambaye familia yake haitakuja kunipiga. Dada, Rodney hajafa. Hakuna radio ya Ulaya iliyotangaza kitu. Yuko muzima huko kwake, anapiga gitaa, anakula mayai. Wahenga walisema kufa kufaana. Huyu ametufaa bila kufa. Kama ni zambi, nimeibeba mimi peke yangu, na sijutii hata kidogo.

Usimwambie shemeji, hawezi kufunga mudomo. Musalimie mama mukwe wako, wabusu watoto wote, na Mungu awalinde na wenye bunduki. Nijibu upesi, mwaka mumoja bila sauti yako ulikuwa murefu sana.

Ni mimi mudogo wako akupendaye,
Célestin Baharanyi